Kubadilisha mothabodi bila kupiga Windows upya: fundo lilihamia wapi?

Nimekuwa kimya kidogo, kazi zimenibana, lakini kuna swali ambalo haliachi kunifuata, nyumbani na hata ofisini: mothabodi ikifa, je, ni lazima kufomati diski na kuanza upya? Jibu fupi ni hapana. Jibu refu ni historia ya zaidi ya miaka 40, na leo nina muda wa jibu refu.

Nianze na shangazi. Ana duka la agroveti, na mwaka 2019 stima ilipotea mchana, ikarudi kwa kishindo, kompyuta ya duka ikanyamaza. Ilikuwa mashine ya mtumba yenye Windows 7. Fundi aliipima, akasema diski ni nzima, mothabodi ndiyo imeungua. Alikuwa nayo nyingine ya kampuni tofauti ambayo prosesa ya zamani ingeingia bila shida. "Lakini lazima tufomati," akasema. Ndani ya diski hiyo kulikuwa na programu ya hesabu ambayo shangazi aliuziwa mwaka 2011 na kijana mmoja ambaye baadaye alihamia ng'ambo, na simu yake haikupatikana tena. CD ya programu hiyo ilikuwa imepotea. Madeni ya wakulima ya miaka minane yalikuwa humo, nani alichukua mbegu, nani alilipa nusu. Kunakili mafaili si kazi, lakini mafaili bila programu ya kuyasoma ni takataka. Shangazi alimwuliza fundi, "Na madeni ya watu?" Fundi akainua mabega. Kisha akanipigia mimi: "Wewe si ulisomea kompyuta?"

Nilisomea, naam. Ila chuoni hatukufundishwa hili. Nilichojua nilikuwa nimekiokota kwa kusoma jinsi mifumo endeshi ilivyofika hapa ilipo, kwa hiyo twende nyuma kwanza.

Enzi ya DOS hapakuwa na tatizo. Kompyuta ya IBM ilitoka Agosti 1981, na DOS iliyokuja nayo haikuijua mothabodi kwa undani. Ikitaka kusoma diski, iliiomba BIOS, na BIOS ilikuwa ndani ya mothabodi yenyewe. Ukibadilisha mothabodi, umebadilisha na BIOS, na DOS inaendelea kuomba vilevile kama mgeni anayebisha hodi kwenye mlango mpya. Diski za IDE zilipoenea, ungeweza kuchomoa diski yako na kuichomeka kwa jirani, ikaamka. Kilichogoma ni kadi ya sauti, na hapo unarekebisha mistari miwili mitatu kwenye CONFIG.SYS na AUTOEXEC.BAT.

Windows 95, iliyotoka tarehe 24 Agosti 1995, ilianza kutumia draiva zake yenyewe, lakini ilikuwa na busara moja ambayo watu huisahau. Ikikosa draiva ya kidhibiti cha diski, ilirudi nyuma na kutumia BIOS kama DOS. Ilikwenda kwa mwendo wa kobe, ila iliamka. Kisha ilikumiminia visanduku vya "nimeona kifaa kipya", kimoja baada ya kingine, ikidai CD kila mara. Mafundi wa wakati huo walikuwa na ujanja wao: kabla ya kubadilisha mothabodi, ingia kwenye rejistri, futa tawi lote la HKEY_LOCAL_MACHINE\Enum, zima. Windows ikiamka kwenye mothabodi mpya inakuwa imesahau vifaa vyote vya zamani na inaanza kuvitambua upya. Mtu akisikia leo kwamba tulifuta tawi zima la rejistri kwa makusudi anashtuka, lakini kwa Windows 95 na 98 dawa hiyo ilifanya kazi mara nyingi.

Fundo lenyewe lilifungwa kwingine, kwenye ukoo wa NT. Windows NT 3.1 ilitoka Julai 1993, kazi ya timu iliyoongozwa na Dave Cutler, na lengo mojawapo lilikuwa mfumo ule ule uweze kuendeshwa juu ya prosesa za aina mbalimbali: Intel, MIPS, Alpha. Ili kufanikisha hilo waliweka tabaka jembamba kati ya kerneli na mothabodi, wakaliita HAL. Kerneli haigusi saa ya mothabodi wala mfumo wa kukatiza prosesa moja kwa moja. Inaiambia HAL, na HAL ndiyo inayojua mambo ya chini. Wazo zuri sana. Kitu kilichobuniwa ili mfumo usifungwe na mashine moja ndicho kikawa kamba ya kuufunga, kwa sababu HAL ilichaguliwa mara moja tu, siku ya kusakinisha. Windows 2000, iliyotoka Februari 2000, na XP iliyofuata Oktoba 2001, zilikuja na HAL kadhaa ndani ya CD: ya mashine za kawaida, ya mashine zenye ACPI, ya prosesa moja, ya prosesa nyingi. Programu ya kusakinisha iliangalia mothabodi, ikachagua mojawapo, ikaipa jina hal.dll na kuziacha nyingine kwenye CD. Ukihamisha diski kutoka mothabodi yenye ACPI hadi ya kizamani isiyo nayo, mara nyingi hufiki popote. Skrini nyeusi, basi.

Lakini HAL haikuwa adui mkubwa. Adui mkubwa alikuwa na namba, na kila aliyewahi kushika bisibisi miaka ile anaijua: 0x0000007B, INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, kwenye skrini ya bluu.

Hebu tuielewe vizuri, maana hapa ndipo utamu ulipo. XP inapoamka, programu ndogo iitwayo NTLDR inatumia BIOS kusoma vitu vichache kutoka kwenye diski na kuviweka katika kumbukumbu: kerneli, HAL, sehemu ya rejistri iitwayo SYSTEM, na draiva zilizoandikwa humo kwamba ni za kuamshia. Halafu kerneli inashika usukani. Kuanzia sekunde hiyo BIOS haiulizwi tena habari za diski. Kerneli inataka kusoma kwa draiva yake. Kila kidhibiti cha diski kina kitambulisho chake, namba ya aliyekitengeneza na namba ya kifaa, na rejistri ina orodha inayosema kitambulisho hiki kitumie draiva ile. XP iliyosakinishwa kwenye chipu za Intel iliandika draiva ya Intel. Ukiipeleka kwenye mothabodi yenye chipu za VIA, kerneli inaangalia kidhibiti, inaangalia orodha, haioni jina, haijui la kufanya. Draiva inayohitajika mara nyingi iko palepale ndani ya diski, lakini ili kuisoma diski unahitaji draiva. Ufunguo umefungiwa ndani ya nyumba.

Linaloudhi ni kwamba halikuwa tatizo la sayansi. Draiva ya jumla ya IDE ingeweza kuendesha karibu vidhibiti vyote vya wakati huo. Ilikosekana mistari michache tu ya rejistri. Microsoft wenyewe walilikubali hilo kimyakimya: walichapisha makala ya msaada namba 314082, na ndani yake mlikuwa na maandishi ya kunakili kwenye faili na kuliita Mergeide.reg. Faili hilo linaongeza vitambulisho vya vidhibiti vingi kwenye orodha ile, na makala yanaelekeza mafaili manne ya draiva yatolewe kutoka Driver.cab: Atapi.sys, Intelide.sys, Pciide.sys na Pciidex.sys. Fanya hivyo kabla ya kubadilisha mothabodi, na diski itaamka mahali pengi. Sharti ni hilo neno "kabla". Mothabodi haitoi notisi ya mwezi mmoja.

Na miaka ile zilikufa kweli. Kuanzia karibu mwaka 1999 hadi 2007 mothabodi nyingi duniani zilikuwa na kapasita zenye maji mabovu ndani; zilivimba kichwani, zikavuja, zikaua mashine ambazo hazikuwa na kosa jingine. Mashine hizo ndizo zilizokuja kuwa mitumba huku kwetu.

Kwa aliyechelewa, palikuwa na njia ya kukarabati. Unawasha kwa CD ya XP, unaruka swali la kwanza la ukarabati (hilo lilikupeleka kwenye skrini nyeusi ya amri), unabonyeza F8 kukubali masharti, CD inaiona Windows ya zamani, unabonyeza R. Inasakinisha mfumo upya juu ya ule wa zamani, inachagua HAL na draiva za diski upya, na programu zako zinabaki. Ukiwa na kidhibiti cha ajabu unabonyeza F6 na kuweka diski ya floppy yenye draiva. Nilizaliwa mwishoni mwa miaka ya tisini, lakini hata mimi nimemwona mtu akitafuta floppy ofisi nzima kwa sababu hiyo.

Sasa hapa ndipo hadithi inapogeuka. XP ndiyo Windows ya kwanza ya mtu wa kawaida kudai uamilishaji. Julai 2001, kabla hata haijaingia madukani, kampuni moja ya Ujerumani iitwayo Fully Licensed ilichapisha uchambuzi wa jinsi jambo hilo linavyofanya kazi: Windows inatazama vipengele kumi vya mashine, prosesa, diski, kadi ya picha, kadi ya mtandao na kadhalika, inavifinya kuwa namba fupi na kuituma kwa Microsoft. Ukibadilisha kimoja au viwili, haijali. Ukibadilisha vingi, inasema hii si mashine ile. Kadi ya mtandao ilipewa uzito zaidi ya vingine. Tatizo ni kwamba wakati huohuo kadi ya mtandao, sauti na vidhibiti vya diski vilikuwa vinahamia ndani ya mothabodi. Kwa hiyo ukibadilisha kipande kimoja, machoni pa Windows umebadilisha nusu ya mashine. Na kwa leseni zilizokuja na kompyuta mpya kutoka kiwandani hali ilikuwa ngumu zaidi: Windows ilitafuta alama ya mtengenezaji ndani ya BIOS, na msimamo wa Microsoft ulikuwa kwamba mothabodi ndiyo kompyuta. Ikibadilishwa kwa sababu si mbovu, una kompyuta nyingine, nunua leseni nyingine.

Kwa maoni yangu hapa ndipo fundo lilipohama. Kuanzia mwaka 2001 wahandisi walikuwa wanalifungua upande mmoja na wanasheria wanalifunga upande mwingine, ndani ya kampuni ileile.

Upande wa wahandisi nitapita haraka kwa sababu habari ni njema. Vista, Januari 2007, ilikataa mashine zisizo na ACPI, hivyo rundo la HAL likapungua, na kwenye Windows ya biti 64 ikabaki moja tu. Usakinishaji wenyewe ukawa ni kumwaga picha moja ileile ya mfumo kwenye diski yoyote, kisha mashine ijitambue. Windows 8, mwaka 2012, ilileta kwa makampuni kitu kiitwacho Windows To Go: mfumo mzima kwenye flashi, unaouchomeka leo mashine hii na kesho ile. Kiliondolewa mwaka 2020, lakini huwezi kujenga kitu kama hicho bila kwanza kuufundisha mfumo kuamka kwenye mashine usiyowahi kuiona. Ndiyo maana Windows 10 ikihamishiwa mothabodi mpya mara nyingi huzungusha vile vidoti vyake, huandika kwamba inatayarisha vifaa, na kuamka. Mara nyingi, si kila mara. Mashine nyingi za Intel za kizazi cha 11 na kuendelea zina kitu kiitwacho VMD mbele ya diski, na bila draiva yake unakutana na mzee wetu 0x7B kana kwamba ni 2003.

Linux walifika huko mapema zaidi, na bila wanasheria. Zamani shujaa wa Linux alijikusanyia kerneli yake mwenyewe, yenye draiva za mashine yake tu, na huyo akibadilisha mothabodi alikwama sawasawa na mtu wa XP. Mwaka 2000 Klaus Knopper alianza kutoa Knoppix, mfumo kamili ndani ya CD moja unaotambua vifaa vyote kila unapowaka, na watu wakaona kwamba inawezekana. Mifumo ya siku hizi inaweka draiva za diski za kila aina ndani ya kifurushi kidogo kinachopakiwa pamoja na kerneli, kwa hiyo ufunguo hauachwi ndani ya nyumba. Yaliyobaki ni majina. Diski iliyoitwa hda ikawa sda, mpaka Ubuntu na wengine wakaanza kuitaja kwa namba yake ya kudumu. Kadi ya mtandao ya mothabodi mpya ilijikuta inaitwa eth1 kwa sababu eth0 limehifadhiwa kwa marehemu. Mwaka 2013 systemd ikaleta majina yanayotabirika, yanayotokana na mahali kadi ilipo kwenye mothabodi. Badilisha mothabodi na mahali panabadilika, jina nalo linabadilika. Seva inaamka vizuri kabisa, ila haina mtandao. Hili limeniamsha saa tisa usiku, kwa hiyo msinicheke ninapolitaja.

Turudi kwa shangazi. Niliweka mothabodi mpya, nikawasha, na kama nilivyotarajia, skrini ya bluu, 0x7B. Fundi alitabasamu. Lakini Windows 7 ina kasoro inayojulikana: wakati wa kusakinishwa inazima draiva za diski isizozihitaji. Mothabodi ya zamani ilikuwa imewekwa kwenye hali ya IDE, mpya ilitoka dukani ikiwa kwenye AHCI, na draiva ya AHCI, msahci, ilikuwa imezimwa siku nyingi. Niliingia BIOS nikarudisha hali ya IDE. Windows ikaamka. (Ukitaka kurudi AHCI baadaye, nenda kwenye rejistri, kwenye msahci badilisha Start iwe 0, kisha ndio ubadilishe BIOS. Si kinyume chake.) Nikaweka draiva za sauti na mtandao kutoka kwenye flashi. Windows ikalalamika kuhusu leseni, tukaipigia ile simu ya uamilishaji, tukasoma namba, ikatulia.

Nikafungua programu ya hesabu. Ikasema haijasajiliwa.

Yule kijana aliyeiandika alikuwa amefanya kwa udogo kile Microsoft walichofanya kwa ukubwa: alitengeneza namba ya siri kutokana na anwani ya kadi ya mtandao. Simlaumu, watu wanaiba programu. Ila kadi ilikuwa ndani ya mothabodi, na mothabodi ilikuwa imekufa. Draiva nyingi za kadi za waya zinakuruhusu kuandika anwani unayotaka. Shida ni kuijua ile ya zamani. Mothabodi nyingi huwa na karatasi ndogo iliyobandikwa yenye anwani hiyo. Nikamwuliza fundi mothabodi iliyoungua iko wapi. Akanionyesha gunia nyuma ya kibanda, la kuuza kwa kilo. Tulimwaga gunia zima chini, shangazi akishika tochi ya simu, na tukaipata, karatasi ikiwa bado imeng'ang'ania pembeni. Tarakimu na herufi kumi na mbili. Niliziandika kwenye draiva, nikazima na kuwasha mtandao, nikafungua programu. Majina ya wakulima yakatokea, na shangazi akaanza kuyasoma kwa sauti kama anayeita darasani.

Leo kazi hiyo ingekuwa tofauti, na sijui kama ningeshinda. Tangu Agosti 2016 unaweza kuunganisha leseni ya Windows 10 na akaunti yako ya Microsoft, na mothabodi ikibadilika unaiambia kwamba umebadilisha vifaa, ingawa leseni ya kiwandani bado imefungwa na mashine yake. Tangu Windows 8 namba yake huchomwa ndani ya mothabodi kabisa. Hilo ni suala la pesa, linavumilika. Lisilovumilika ni ufunguo. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, inadai TPM 2.0, chipu au sehemu ya prosesa inayotunza siri, na kwenye kompyuta nyingi mpya diski inafungwa kwa siri hiyo bila mwenyewe kuombwa. Ukihamisha diski, draiva ziko tayari, HAL ni moja, kila kitu kingeamka, na badala yake unaombwa tarakimu 48. Huna, huingii. Kwenye Mac zenye chipu ya T2, na hizi za sasa zenye prosesa za Apple, hakuna hata swali la kuhamisha: ufunguo wa diski umo ndani ya chipu ya mothabodi, na chipu ikifa, data imekwenda nayo. Usalama dhidi ya mwizi ni mzuri. Ila mwizi na fundi, machoni pa chipu, ni mtu mmoja.

Msaada wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na shangazi amenunua laptopu yenye Windows 11. Ile ya zamani bado iko dukani bila mtandao, kwa ajili ya programu ya hesabu tu, na kwenye boksi lake nimebandika selotepu yenye maneno "BIOS: IDE, usiguse" na zile herufi na tarakimu kumi na mbili. Ya laptopu mpya nilimchapishia, zote 48, nakala mbili. Moja ninayo mimi. Nyingine ameiweka kwenye mkebe wa biskuti, pamoja na hati ya shamba.